Vyambo vya kurambaza wolai: tazama kipete cha puani kabla ya rangi

Wasomaji kadhaa walioanza kuvua wolai (walleye, samaki wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini) Ziwa Erie, upande wa Ohio, Marekani, wameniletea lalamiko moja: wamenunua vyambo bandia vya kila rangi, wamerambaza, yaani kuviburuta nyuma ya mashua, kutwa nzima, na walichopandisha ni mishipi iliyosokotana. Halafu kila mmoja ananiuliza rangi ipi inavuta samaki. Rangi iacheni kwanza. Kilichowaponza ni chambo kinachokwenda upande kwa kuwa kipete chake cha puani, kijiduara cha waya kinachofungiwa mshipi, hakijanyooka.

Kiangazi, wolai wengi wa Erie huelea katikati ya maji wakifuata makundi ya samaki wadogo, na hupenda kuinuka kukamata kilicho juu yao kuliko kushuka. Ndiyo maana kina ndicho kinachotafutwa. Chambo kilichopinda kidogo tu kitakudanganya mashua ikiwa maili moja kwa saa. Ongeza hadi maili mbili uone: kinalala ubavu, kinapanda, kinakwenda kuuparamia mshipi wa jirani.

Kwangu namba moja ni Rapala, na upendeleo huo siufichi. Ni kampuni iliyoanzia Finland mwaka 1936 kwa mikono ya Lauri Rapala, na hadi leo inajinadi kwamba vyambo vyake hurekebishwa kwa mkono na kujaribiwa majini kabla ya kuuzwa. Anayeanza achukue Shad Rap namba 7, yaani sentimita 7, kwa maji mafupi ya masika. Kwa kina kirefu aongeze Tail Dancer ya kuzamia. Shad Rap ni ya mti wa balsa, mwepesi sana, na ukiigonga kwenye ubavu wa mashua inaweza kupasuka. Hata hivyo ndiyo ninayoichagua.

Namba mbili ni Bandit Walleye Deep, plastiki ngumu inayozama vizuri. Ya tatu ni Berkley Flicker Shad, ya bei nafuu. Zile pakiti za mtandaoni zisizo na jina, pita tu.

Chochote utakachonunua, kijaribu kabla hujakiachia mbali. Toa mshipi mita mbili kando ya mashua, inamisha ncha ya fimbo, endesha maili mbili kwa saa, kisha mbili na nusu. Chambo kizima hutetemeka papo hapo na kufuata ncha ya fimbo. Kikikimbilia kulia, kigeuze pua ikuelekee, ushike kipete cha waya kwa plaizi na kukipinda kushoto, kiasi cha unywele. Usikizungushe, kitalegea kwenye plastiki. Rudisha majini, tazama tena. Fundo nalo likae katikati ya kipete, maana likiteleza pembeni utarekebisha chambo kisicho na kosa.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponikera. Dukani chambo kimefungwa ndani ya plastiki ngumu, kipete hukioni vizuri. Ukiomba kufunguliwa unaambiwa ununue kwanza. Ukienda nacho ziwani kikaenda mrama, ukikirudisha unaambiwa kimeshaingia majini, hakipokelewi. Sasa kasoro ya chambo ningeionea wapi, kama si majini? Na bado wanathubutu kuongeza dola kadhaa kwa rangi mpya juu ya chambo kilekile.

Kama kuna duka linalokubali ufungue, nunua huko hata kama ni mbali.