Mwaka mmoja na nusu tangu tuache kumsubiri fundi: uzoefu wangu wa WordPress shuleni

Jumatatu moja ya Januari niliitwa getini. Nilimkuta mzazi ametoka Ifakara na binti yake wa kidato cha kwanza, wana tranka, godoro lililofungwa kwa kamba, ndoo, jembe lenye mpini na fagio la chelewa. Kila kitu tulichoagiza kwenye fomu ya kujiunga walikuwa nacho. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki moja baadaye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mlinzi anasema hamjafungua. Mbona tarehe nimeitoa kwenye tovuti yenu?"

Akanipa simu nisome mwenyewe. Ilikuwa fomu ya mwaka uliopita. Tarehe mpya tulikuwa nayo tangu Novemba, tulishamtumia fundi wa tovuti kwa WhatsApp, naye alikuwa na foleni ya kazi za watu wengine. Binti tulimpokea, akalala kwa matroni wiki nzima. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya bweni mkoani Morogoro, na lile jambo liliniuma kwa sababu tarehe ilikuwa mezani kwangu muda wote ule. Sikuwa na pa kuiandika.

Tulihamia WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, miezi michache baadaye. Programu yenyewe ni ya bure na ipo tangu 2003. Tunacholipia ni seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), jina letu la tovuti linaloishia na .sc.tz, na fundi aliyetuhamishia kurasa. Mafunzo yalichukua Jumamosi moja, asubuhi mpaka saa nane. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, ukurasa unajengwa kwa bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, jedwali ni bloku. Unagusa unachotaka kubadili, unaandika, unabonyeza kitufe cha buluu kilicho juu kulia. Mhasibu wetu, ambaye siku zote alisema mambo ya tovuti si yake, alibadili jedwali la ada siku hiyohiyo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kumpa kila mtu ruhusa za ngazi ya mhariri. Mhariri anagusa kila ukurasa na kila habari, na anachapisha bila kumuuliza mtu. Wiki ya tatu matroni, kwa nia njema kabisa, aliweka habari ya chumba cha wagonjwa pamoja na picha ya mwanafunzi amelala na homa, uso unaonekana. Ilikaa hewani tangu mchana hadi jioni, mpaka mzazi alipopiga simu. Alikuwa na haki ya kukasirika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mtoto mgonjwa si wa kuonyeshwa.

Ndipo nikakaa chini kuzisoma ngazi vizuri, na hapa ndipo ningemshauri kila mkuu wa shule aanzie. Mchangiaji anaandika lakini hawezi kuchapisha wala kupakia picha. Mwandishi anachapisha habari zake mwenyewe tu. Mhariri anashika zote. Msimamizi anashika tovuti nzima, mpaka kuongeza na kuondoa watu. Sasa matroni na mwalimu wa michezo ni wachangiaji, makamu mkuu wa shule anapitia na kuchapisha, picha zinapitia kwa dada wa mapokezi ambaye ana daftari la wazazi waliokubali. Usimamizi ninao mimi na fundi, basi.

Kinachonisumbua ni mhasibu. Ada ipo kwenye ukurasa wa kudumu, na anayeweza kuhariri kurasa za kudumu ni kuanzia mhariri. Huwezi kumpa mtu ukurasa mmoja peke yake bila kuongeza programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, ya kusimamia ruhusa. Sisi tumemwachia uhariri, tukafunga bloku ya jedwali kwa kufuli ili isifutwe wala kuhamishwa kwa bahati mbaya. Namba za ndani bado anaziandika.

Hata hizo namba alizifuta siku moja, safu nzima ya muhula wa pili, akaja ofisini anatetemeka. Tulifungua historia ya marekebisho. Juu kuna kitelezi, unakivuta kushoto kurudi nyuma, na kila toleo linaonyesha nani alihifadhi na saa ngapi. Kilichoondolewa kina rangi nyekundu, kilichoongezwa kijani. Tulivuta mara mbili, safu ikaonekana, tukarejesha. Hazikufika dakika tatu. Tangu siku hiyo haogopi tena, na kwangu mimi hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote humo ndani. Mtu akijua kosa lake linarudishika, anafanya kazi.

Jambo moja ambalo hatukuambiwa Jumamosi ile linahusu PDF. Ukipakia fomu mpya yenye jina lilelile, haikai juu ya ile ya zamani. Inapata kiungo chake, na ile ya zamani inabaki palepale, mtu akitafuta Google anaweza kuikuta. Yaani yule mzazi wa Ifakara angeweza kupotea tena hata baada ya sisi kusasisha. Siku hizi tarehe ya kufungua tunaiandika kwenye ukurasa wenyewe, na fomu ya zamani naifuta mwenyewe kwenye maktaba ya faili kabla sijaweka mpya.

Kwa simu, kuandika aya ni rahisi. Jedwali usijaribu, subiri kompyuta.

Fundi bado tunamhitaji kwa nakala rudufu, masasisho na usalama. Tofauti ni kwamba hatumpigii tena kwa sababu ya tarehe. Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeiondoa kwa hilo la ruhusa za ukurasa mmoja mmoja.

Mwalimu wetu wa michezo alihamia shule nyingine mwezi uliopita. Akaunti yake niliifuta siku aliyokabidhi ofisi, kwa sababu neno la siri halipaswi kuondoka na mtu. Programu ikaniuliza kazi alizoandika zifutwe au apewe mtu mwingine. Nikachagua jina la mwalimu aliyempokea, na habari zote za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, alizoandika bado zipo.