Picha ya pasipoti: waliningʼarisha bila kuombwa

Kama unataka picha ya pasipoti haraka, hii studio wako fasta, hilo siwanyimi. Taa wanazo, foleni hakuna. Lakini yule mpiga picha wao jamani.

Nimekaa kwenye kiti, mgongo nimenyoosha, mdomo nimefunga, mara jamaa anachungulia kwenye kamera anasema, "Dada cheka kidogo basi tuone hata meno, maana hapa naona shati tu." Wa mapokezi akaangua kicheko. Mteja aliyekuwa anasubiri nyuma, mweupe kama wao, akatabasamu halafu akajifanya anasoma simu. Na huyu si ndiye fundi? Picha ya pasipoti hairuhusiwi kuonyesha meno, anajua kuliko mimi, kwa hiyo hapo sikuelekezwa kazi, nilitaniwa rangi. Nikamwambia sijapenda. "Utani tu dada, mbona hata shemeji yangu ni mweusi." Sawa, msalimie shemeji.

Angeishia hapo labda ningeyamaliza, watu huropoka. Picha ikatoka, naiangalia, si mimi. Shingo ni yangu, uso ni wa mtu mwingine, na mstari unaonekana kabisa chini ya taya pale rangi zilipokutana. Nauliza imekuwaje, ananijibu kwa roho safi, "Nimekungʼarisha kidogo, umependeza, na hiyo hatuchaji." Alikuwa anamaanisha! Kasimama pale anangoja nimshukuru, ndiyo maana hata kumchukia vizuri nashindwa.

Halafu picha yenyewe haifai. ICAO, wale wanaoweka viwango vya pasipoti dunia nzima, wanataka rangi ya ngozi iwe ya asili, sasa mimi nifike mpakani na uso wa kuazima? Nikasema rudia. Eti kamera ndivyo ilivyo, watu weusi wanasumbua kupiga. Nikamwambia kamera haisumbuliwi na mtu, inasumbuliwa na aliyeiseti, Kodak, wale waliokuwa wanatengeneza filamu za kamera, kuanzia miaka ya 1950 walikuwa wanatoa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, wakiiita Shirley, maabara zinasawazisha rangi zote kwa ngozi yake, ndiyo maana kwenye picha za zamani sisi tunatoka macho na meno tu, lakini hiyo ni filamu, kaka, enzi hizo zimepita, leo unaongeza mwanga kidogo kwisha habari. Akanyamaza. Akasogeza taa moja, moja tu, akapiga, picha ikatoka safi, mpaka kovu langu la kwenye nyusi linaonekana. Kwa hiyo alikuwa anaweza muda wote.

Hiyo ya pili ndiyo niliyopeleka na imekubaliwa, na kusema ukweli ni nzuri sana, mama yangu anaitaka aiweke ukutani. Kwa ajili yake nilishabonyeza nyota tatu. Ila nikikumbuka kile kicheko cha mapokezi, acha ziwe mbili. Sasa hivi ndo natoa risiti niangalie jina lao vizuri, nakuta wamenichaji picha zote mbili, na ile ya kungʼarishwa imo! Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu inagoma kutuma bila nyota.