Walipandisha busti, mafuta hawakuangalia: uzoefu wangu na remapu ya Forester XT

"Si ulitaka ikimbie, kaka? Si ilikimbia?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na mwenye gereji siku niliyokwenda kumwambia kwamba injini aliyoifanyia remapu, yaani kupangwa upya kwa kompyuta yake ili itoe nguvu zaidi, imenifia barabarani, mama yangu mzazi akiwa siti ya nyuma. Alinijibu amekaa, simu mkononi, hata macho hakuinua. Gari ilikuwa nje juu ya brekidauni, hatua chache kutoka kwenye kiti chake, na hakutoka kuiangalia. Naandika nikiwa bado na hasira.

Jina la gereji sitalitaja. Gari ni Forester XT, SG5, ile yenye injini ya turbo ya EJ205. Mambo ya cc na farasi kila mtu anayajua au anaweza kuyatafuta, hayanihusu hapa. Kinachonihusu ni kwamba nilikwenda kununua huduma ya kuongezewa nguvu, nikauziwa hewa bila mafuta.

Nianze na haki yao, maana wanayo. Gari ilibadilika. Ile siku ya kwanza nilitoka nayo Mwenge usiku, barabara ya Bagamoyo haina foleni, nikakanyaga baada ya taa na nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya gari. Ilivuta kutoka chini mpaka juu bila kusita. Turbo iliamka mapema, gia zikapanda vizuri, na ule uzito niliouzoea kwenye Forester ukapotea. Kama ningeandika wiki ile ningewapa nyota tano na ningewapelekea wateja mwenyewe. Kwa hiyo anayesema remapu ni utapeli mtupu, hapana, sitamuunga mkono. Nguvu niliiona, na nilikuwa nimeilipia.

Lakini kuna jambo lililotokea siku ya kuchukua gari ambalo sasa kila nikilikumbuka linanichoma. Nilimuuliza kijana aliyekaa na kompyuta: nozo, yaani vinyunyizio vya mafuta, zinafika asilimia ngapi? Nikaomba na logu, ile rekodi ya gari ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Mwenye gereji akadakia kutoka pembeni: "Kaka, wewe ni mteja au ni fundi?" Vijana wakacheka. Logu sikupewa.

Sikuwa nauliza ili nionekane najua. Gari ya turbo ukiiongezea hewa ni lazima uiongezee na mafuta, na mafuta yanapita kwenye nozo zenye kikomo chake. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inamaliza kazi yake yote, kuvuta, kubana, kulipua na kutoa moshi, ndani ya milisekunde 20. Nozo inafunguka na kufunga ndani ya muda huohuo. Mafundi wanaoiheshimu kazi hawapendi ikae wazi zaidi ya asilimia 80 au 85, yaani milisekunde 16 au 17. Ikizidi hapo inakaribia kubaki wazi muda wote, na kontroli boksi, kompyuta ya injini, haina tena mahali pa kuongezea tone. Busti, ile presha ya hewa inayosukumwa na turbo, inaendelea kupanda, hewa inaendelea kuingia, mafuta yamegota. Hilo ndilo nililotaka kujua kuhusu gari yangu, kwa hela yangu, na jibu likawa kuchekwa.

Haikupita miezi mingi. Ilikuwa baada ya Pasaka, au karibu na hapo, tunakwenda Morogoro kwenye msiba. Tumeshapita mizani ya Vigwaza, mbele yetu lori la tanki linajivuta, barabara nyeupe. Nikashusha gia, nikakanyaga, gari ikaitika vizuri kabisa. Halafu kule juu, mshale ukikaribia elfu sita, nikasikia milio midogo mikavu, kama kokoto zinazotupwa kwenye bati. Kabla sijatoa mguu ikakohoa, nguvu ikakatika, taa ya injini ikaanza kupepesa, na mimi bado niko ubavuni mwa lori. Yule dereva aliona, akapunguza mwendo, nikapata nafasi ya kurudi kushoto. Mungu ambariki popote alipo. Nilisimama pembeni moshi wa bluu ukitoka nyuma. Mama hakusema kitu, alikuwa bado ameshikilia mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Tulifika Morogoro kwa Noah za kuunganisha. Mazishi yalikuwa yameisha.

Ndiyo maana lile jibu halinitoki. Angesema "pole" ningeanza naye vizuri. Angesema "lete gari tuifungue tuone" ningemsubiri hata mwezi. Alianza kwa kuniuliza nimeweka mafuta ya kituo gani. Nikamwambia ni kituo kilekile ninachojaza kila siku, hata siku niliyoileta gari kwake nilikuwa nimetoka hapo. Akasema remapu haina garantii. Ndipo akamalizia na hiyo ya "si ilikimbia".

Tuzungumze basi hiyo hoja ya mafuta, maana naisikia kwa mafundi wengi wakitaka kunawa mikono. Turbo hizi za Japani zilipangwa kiwandani zinywe haioku, petroli ambayo vituo vikubwa vya kule huiuza ikiwa na oktani, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati, karibu 100. Ya kwetu haifiki huko. Ni jambo linalojulikana, na ndiyo maana fundi makini akishika gari ya Japani hurudisha nyuma advansi ya moto, yaani huichelewesha kidogo cheche ya plagi, kabla hata hajafikiria kuongeza busti. Kama petroli yetu ndiyo mchawi, alikuwepo siku wanayopokea laki nane zangu, na walikuwa wanamjua. Wao walipandisha busti mpaka psi 17 (psi ni kipimo cha presha) kwa petroli hiihii, halafu injini ilipokufa ndipo wakamwona.

Gari niliipeleka Ilala kwa mzee mmoja asiye na bango wala ukurasa wa Instagramu. Aliifungua mimi nipo. Silinda tatu zilikuwa salama. Ya nne aliitoa pistoni yake, akaifuta kwa kitambaa, akanipa mkononi. Kati ya ringi ya kwanza na ya pili kuna ukingo mwembamba, na ukingo huo ulikuwa umemeguka kipande chenye urefu wa ukucha. Penyewe palipokatika palikuwa pakijivu, chembechembe zinaonekana. Akaniambia: "Mdogo wangu, pistoni za kiwandani za hii injini ni za kumiminwa. Zinavumilia joto, zinavumilia safari. Kugonga hazivumilii." Kugonga ndiyo ile milio ya kokoto: mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Sikujua niseme nini. Kipande cha ukucha ndicho kilichotukosesha mazishi.

Kisha akasema tusirudishe injini kabla hatujajua nani aliyeiua, na akaenda kwenye tanki.

Hapa ndipo hasira yangu ilipogeuka kuwa kitu kingine. Ile gereji ya kwanza ilikuwa imenibadilishia pampu ya mafuta kama sehemu ya kazi. Kwenye risiti wameandika pampu ya lita 255 kwa saa, jina la kampuni kubwa ya Marekani, bei yake tofauti na laki nane za remapu. Mzee aliitoa, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi, na maandishi yakafutika. Wino ukabaki kwenye kidole. Soksi ya kuchujia ilikuwa ni ileile ya zamani, nyeusi tii, wameihamisha tu kutoka pampu moja kwenda nyingine. Na plagi ya umeme ya pampu ilikuwa imegeuka rangi ya chai, plastiki yake imelegea kwa joto, kwa sababu pampu inavuta umeme mwingi kupitia waya mwembamba wa zamani. Alipima: betri inaonyesha volti 13.9, kwenye pampu zinafika 11.4. Pampu ikipata umeme pungufu inasukuma pungufu, na presha ikipanda inasukuma pungufu zaidi. Ikiwa yenyewe ni feki, malizia mwenyewe.

Baada ya kuweka pistoni, ringi, beringi na gasketi, na injini kulainika, aliirudisha ile pampu feki makusudi nione kwa macho yangu. Akafunga geji ya presha ya mafuta kwa mpira mrefu kutoka kwenye injini, akaibandika kwa utepe juu ya kioo cha mbele, nje, uso wake ukitazama ndani. Gari ikinguruma taratibu na mpira wa vakyumu umetolewa, geji ilisoma 43. Kanuni yake ni nyepesi: kila psi ya busti inayoingia, presha ya mafuta lazima nayo ipande psi moja, ili nozo ibaki na nguvu ileile ya kusukumia. Busti 10, geji isome 53. Tulitoka, busti akiwa ameishusha kwa usalama. Nikakanyaga. Mshale ukapanda, 45, 47, 48, ukagoma hapo. Halafu ukaanza kurudi. "Toa mguu," akasema, na nilikuwa nimeshatoa.

Hiyo ni kwa busti ya 10. Wao walinipa 17. Akanichorea hesabu kwenye boksi la filta: nguvu ya kusukuma ikishuka kutoka 43 hadi 33, mafuta yanayopita yanapungua kwa karibu asilimia 12. Kompyuta inadhani imeweka mchanganyiko wa hewa 11.2 kwa mafuta 1, kumbe ndani ya silinda ni karibu 12.8. Kwa gari inayotembea polepole hiyo haina shida yoyote. Kwa turbo iliyokanyagwa mwisho, kwa petroli yetu, ni joto, ni kugonga, ni ule ukingo kumeguka. Sensa moja ya waidibendi kwenye ekzosi, ile inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta, ingewaonyesha hilo siku ya kwanza. Logu niliyoomba ingewaonyesha. Swali langu lilichekwa, na jibu lake lilikuwa ndani ya gari muda wote.

Nilikuwa nimeapa sitagusa remapu tena, na niliwaambia wenzangu wote waache. Naibatilisha kauli hiyo. Mzee aliweka pampu halisi, soksi mpya, filta mpya, waya mnene na rilei kutoka kwenye betri moja kwa moja. Nozo alizitoa akazipeleka kwenye mashine ya kupimia, moja ikakutwa inapitisha kidogo kuliko wenzake mpaka iliposafishwa. Hapo ndipo alipofungua kompyuta. Busti amenipa 14 katikati, na kule juu anaiachia ishuke taratibu, kwa sababu huko ndiko nozo zinakofika kikomo, na yeye hakubali zivuke asilimia 85. Waidibendi ameiacha ndani, naisoma ninapoendesha. Kila alipobadilisha kitu tulitoka, tukarudi, akasoma logu akiwa kimya, akabadilisha tena kidogo. Logu zote amenipa, ziko kwenye simu yangu, na sikuziomba.

Gari sasa ni nyepesi kuliko ilivyotoka Japani lakini haina ule ukali wa remapu ya kwanza. Kule juu unahisi kabisa amekuzuilia kitu. Mwanzoni hilo lilinikera kidogo, nikajiuliza kama hajaogopa mno. Halafu nilipanda nayo mlima wa Kitonga nyuma ya malori, jua la saa nane, namba za mchanganyiko zikakaa 11 na kidogo bila kutikisika kila nilipopita lori, na geji ya busti ikitulia pale alipoiacha. Nimeipenda gari hii kuliko siku niliyoinunua.

Kwa hiyo nyota. Mzee wa Ilala tano, na zingekuwepo zaidi ningempa. Ile gereji, nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa mbili kwa ajili ya zile wiki za mwanzo, maana utamu ulikuwa wa kweli. Nimefika hapa naona siwezi. Utamu ule ulikuwa ni pistoni yangu inaliwa. Anayeweza kuchora ramani ya busti kwenye kompyuta anajua kupima presha ya mafuta, kazi ya nusu saa na geji. Hakupima. Aliniuzia pampu yenye wino unaofutika, na nilipomrudia hakuinuka kwenye kiti. Sifuri.

Gharama ya injini nimeibeba mwenyewe na sijamdai. Ninachodai ni hela ya pampu. Risiti ninayo, yenye mhuri wake. Namba yangu anayo, na ujumbe nimemtumia zaidi ya mara moja, ameusoma. Pampu yake iko kwangu kwenye mfuko. Aje aichukue, na hela yangu aje nayo.