Uzoefu wangu: seti ya nakala za picha za vibwengo wa Cottingley

Niliagiza kwa njia ya intaneti seti ya nakala tano za picha za Cottingley, kijiji cha Uingereza ambako wasichana wawili walidai kuwapiga picha vibwengo (viumbe vidogo vya hadithini), ili zitundikwe chumbani kwa binti yangu mwenye miaka tisa, umri uleule aliokuwa nao Frances Griffiths alipopigwa picha ya kwanza mwezi Julai 1917, akiwa nyuma ya vibwengo wanne, watatu wao wakiwa na mabawa.

Karatasi ni nzito, haing'ai, na rangi yake ya kahawia imetulia. Lawama yangu ni juu ya maelezo ya muuzaji, anayedai kwamba nakala zote zimetoka moja kwa moja kwenye vioo vya awali, yaani vile vilivyokuwa ndani ya kamera badala ya filamu. Picha ya kwanza iliingiwa na mwanga kupita kiasi ikatoka hafifu, na mwaka 1920 fundi Harold Snelling akatengeneza negativu mpya, zinazoonyesha kila kitu waziwazi, ambazo ndizo zilizosambaa baada ya Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, kuzitangaza katika jarida la The Strand mwezi Desemba. Niliyoletewa mimi, yenye mabawa yaliyochongoka kingo, ni kazi ya Snelling.

Wala si jambo dogo, kwa sababu uwazi huo ni wa fundi, ilhali mchezo wenyewe ulikuwa wa watoto wawili tu: Frances alikuwa akigombezwa kwa kurudi kutoka kijitoni akiwa amelowa, akajitetea kwamba huenda kuwatazama vibwengo, ndipo binamu yake Elsie Wright akanakili michoro ya kitabu cha watoto cha mwaka 1914, akaongeza mabawa, akaikata na kuisimamisha kwa pini za kofia. (Kitabu hicho kilikuwa na hadithi ya Conan Doyle mwenyewe!) Walikiri mwaka 1983 wakiwa vikongwe, ingawa Frances alishikilia kwamba picha ya tano ni ya kweli.

Binti yangu, kabla sijamweleza lolote, aliuliza akimwonyesha Frances: "Mama, mbona huyu anatuangalia sisi, hawaangalii wao?"

Nimempa muuzaji nyota tatu. Ningeongeza ya nne kama angerekebisha maelezo yake na kutia ndani ya bahasha nakala moja ya ile picha hafifu, ambayo baba yake Elsie aliisafisha nyumbani na kuitilia shaka papo hapo.