Edita nzuri ila Msaada wake unapotosha watu (uzoefu wangu)

Hii edita (programu ya kuandika na kurekebisha maandishi) ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, naitumia kwa kazi za seva, jina naliacha, nataka tuongelee kitu kimoja tu, yale maelezo ya shotikati kwenye ukurasa wake wa Msaada. Edita yenyewe ni nyepesi, inafunguka fasta hata ukiwa umeingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH na intaneti inasuasua, hapo sina neno.

Sasa fungua Msaada. M-U kurudisha ulichofuta, M-6 kukopi, na juu huko wanakwambia M ni Meta. Jamani, kibodi gani ya siku hizi imeandikwa Meta? Hicho kitufe kilikuwa kwenye kibodi za zamani kama zile za mashine za Lisp (kompyuta za enzi hizo) pale chuo cha MIT Marekani, sisi tuna Alt, wenye Mac wana Option, na hiyo Option kwenye Terminal ya Apple haikubali mpaka uingie kwenye mipangilio uiambie ifanye kazi ya Meta. Njia ya uhakika ni kubonyeza Esc, unaachia, halafu herufi, na mimi naona hiyo ndo ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza kabisa. Halafu herufi zote wameandika kubwa kwa hiyo anayeanza anashikilia na Shift bila sababu yoyote.

Kinachoniuma zaidi ni hapo kwenye kukopi. Msaada unasema inakopi mstari, basi, wameishia hapo. Mtu anakopi, anahamia kwenye brauza, anapesti, kinatoka kitu alichokopi jana, anaanza kudhani kompyuta imeharibika, kumbe ile kopi imebaki ndani ya edita, na edita iko kwenye seva, haina habari na laptopu yako. Ukitaka maandishi yafike huku kwako unayachagua kwa mausi kisha Ctrl+Shift+C, na hiyo ni ya terminali za Linux, edita haihusiki. Sentensi moja tu ya kueleza hivyo ingeokoa watu wengi.

Ctrl+K hivyohivyo. Wameandika inakata mstari. Ukiibonyeza mfululizo mistari inajikusanya pamoja, safi, ila ukisogeza kishale kidogo ukabonyeza tena, kile ulichokata mwanzo kinaondoka kwenye akiba na kinabaki kipya peke yake. Kuna dogo tunafanya naye kazi alikuwa anahamisha kipande cha mipangilio ya Nginx (programu ya seva ya tovuti), akashuka chini akakata mstari mwingine, akapesti, kikatoka huo mmoja tu. Msaada alikuwa ameusoma wote, tena kwa makini, hilo halimo.

Na kama unatumia terminali ya ndani ya brauza kuwa makini sana na Ctrl+W. Msaada unasema ni kutafuta neno, lakini kwenye Windows na Linux brauza inaidaka kwanza na kufunga tabu nzima, kama hujasevu ndo imeenda hiyo. Alt+E ya kurudia ulichotengua (redo) nayo kwenye baadhi ya terminali inafungua menyu ya juu.

Nawapa nyota 3 kati ya 5, na zote ni za edita. Kwa kutafuta tumieni F6, kazi ni ileile na haifungi tabu, wameiweka kwenye mabano pembeni huko ambako watu hawaangalii.