Tathmini ya fomu SF-86 na mfumo wa eApp: uongo unanasia wapi

Anayeomba kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, hukutana na SF-86 kabla ya kukutana na mpelelezi yeyote. Fomu ina sehemu 29, ikichapwa inapita kurasa 100, na siku hizi hujazwa mtandaoni kwenye eApp, mfumo uliochukua nafasi ya ule wa zamani, e-QIP. Hailipiwi. Wala huwezi kuianza mwenyewe: mpaka idara au kampuni yenye kandarasi ya serikali ikudhamini na kukufungulia njia. Kwa kukusanya historia ya mtu, fomu hii inafaa sana. Kwa kumweleza mtu anachoulizwa hasa, ina mapengo, na humo ndimo watu wanamoumia.

eApp inahifadhi kazi yako ukitoka, na haikubali kutuma kama miaka 10 ya makazi na ajira ina miezi isiyoelezwa. Ukaguzi huo lakini ni wa tarehe na nafasi tupu basi. Mfumo kupokea jibu si dalili kwamba jibu ni sahihi. Kitu bora kuliko vyote humo ndani ni kisanduku cha maelezo chini ya maswali, ambacho wengi wanakiruka. Hukumbuki tarehe? Weka ya kukadiria, tia alama kwamba umekadiria, andika kwa nini. Maelezo hayo yatakutetea baadaye, kwa sababu sheria inatafuta uongo wa makusudi, haitafuti usahaulifu.

Sheria yenyewe imetajwa pale unapotia sahihi: kifungu cha 1001, jalada la 18 la sheria za Marekani. Anayesema uongo au kuficha jambo lenye uzito, akijua na kwa makusudi, anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Si lazima serikali iwe imedanganyika kweli. Inatosha kwamba uongo huo ungeweza kuathiri uamuzi. Muda wa kushtaki ni miaka 5, na hapa watu wanajidanganya wakidhani wanangoja tu saa ipite. Ukijaza SF-86 mpya na kurudia uongo uleule, hilo ni kosa jipya lenye miaka yake 5. Mwanajeshi ana mzigo wa ziada: ibara ya 107 ya sheria za kijeshi, ambayo nayo inafika miaka 5 jela na kufukuzwa jeshini kwa fedheha.

Wanaofikishwa mahakamani ni wachache. Glenn Duffie Shriver, aliyeomba kazi CIA huku akificha kwenye fomu uhusiano wake na majasusi wa China, alihukumiwa miezi 48 mwaka 2011, ingawa kosa alilokiri lilikuwa la njama ya kutoa siri za ulinzi. Adhabu inayowapata wengi ni ya kiutawala: kibali kukataliwa au kufutwa, na kazi kwenda nacho. Mfanyakazi wa mkandarasi wa wizara ya ulinzi huletewa hati ya sababu, inayoorodhesha kwa nini kibali kinatiliwa shaka, na kupewa siku 20 za kuijibu kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Akitaka kusikilizwa na jaji wa utawala lazima aombe humohumo kwenye jibu. Kwa ajira za serikali, uongo wa makusudi unaweza kukufungia mlango hadi miaka 3.

Sasa maswali yenyewe. Sehemu ya 23, ya dawa za kulevya, ndiyo inayosikitisha zaidi. Bangi iliyo halali katika jimbo bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho, kwa hiyo lazima itajwe. Lakini soma maneno yaliyo juu ya swali: jibu lako la kweli kuhusu kutumia dawa halitatumika kama ushahidi dhidi yako katika kesi ya jinai. Anayeandika "hapana" ameacha jibu lililolindwa akachukua kosa lisilo na kinga yoyote. Na kuvuta bangi miaka kadhaa iliyopita mara nyingi kungesameheka.

Sehemu ya 22 inataka ukamatwaji na mashtaka hata kama faili limefungwa au kufutwa na mahakama ya jimbo; msamaha uliopo ni mwembamba, wa hukumu fulani za dawa chini ya sheria ya shirikisho. Faini ya barabarani chini ya dola 300 isiyohusu pombe wala dawa haihitajiki. Sehemu ya 13A inauliza pia kama uliacha kazi baada ya kuambiwa utafukuzwa. "Nilijiuzulu" pekee si jibu.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mtego wa neno "ndugu". Sehemu ya 18 inataka kaka na dada, wakiwemo wa baba mmoja au mama mmoja, na wakwe. Binamu hayumo. Akiwa raia wa kigeni mnayewasiliana na kushibana, mahali pake ni sehemu ya 19. Na pesa unazomtumia? Sehemu ya 20A inauliza kama umewahi kumsaidia raia wa kigeni kifedha, bila kikomo cha miaka. Kutuma pesa si kosa. Kuandika "hapana" huku risiti zipo ndiko kunakoleta hati ya sababu.

Ukigundua umekosea, mwongozo wa maamuzi uliotumika tangu Juni 2017 unampa nafuu aliyerekebisha upesi, kwa nia njema, kabla hajabanwa na ushahidi. Andika swali, jibu la awali, jibu sahihi na tarehe, umpelekee ofisa usalama wako au mpelelezi. Kama uliandika uongo kwa kukusudia, muone wakili kwanza, maana marekebisho hayafuti kosa la jinai. Usingoje mahojiano: mpelelezi kwa kawaida huuliza swali la jumla kwanza huku rekodi anayo, na ukikana hapo umeongeza uongo wa pili. Kabla ya kutuma, pakua nakala ya fomu yote. Hiyo ndiyo utakayoilinganisha na fomu inayofuata.