Sefu ya bunduki niliyochomelewa Katwe, miezi 14 baadaye

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza: shilingi za Uganda milioni moja na laki sita, pamoja na pikapu ya kuifikisha Entebbe. Si pesa kidogo. Ila sefu ya kiwandani niliyoonyeshwa dukani Kampala, tena fupi kuliko hii, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, na ubavu wake ukiugonga kwa kidole unalia kama debe.

Vilivyomo ndani si vingi: bunduki mbili na bastola moja. Kwetu Uganda tatu zenye karatasi zilizonyooka ni kazi ya miaka. Ya kwanza ni BRNO Model 2, risasi ya .22, ya marehemu baba, aliyoitumia kufukuza ngedere na nyani kwenye mahindi yetu Kigumba. Alipofariki haikuja kwangu kama lilivyokuja jembe lake na redio yake. Tuliipeleka polisi, ikalala kwenye ghala lao, nami nikaanza kupanda ngazi: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), polisi wa wilaya, mpaka makao makuu ya polisi Naguru. Ya pili ni bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Ya tatu ni CZ 75, bastola ya milimita 9. Mtaona kwamba mbili kati ya hizo zimetoka Chekoslovakia. Ndiyo ugonjwa wangu, tuuache hapo.

Sasa, kwa nini nimwage pesa kwenye sanduku badala ya kuzipamba silaha zenyewe? Kwa sababu huku kwetu mapambo yana mpaka. Baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa Juni 2018, Rais alitangaza kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama. Zangu nazo zikapita huko: zinafyatuliwa kwa majaribio, risasi na ganda lake vinawekwa kwenye kumbukumbu. Mifereji ya ndani ya mtutu huichora risasi kwa namna yake, na pini inayoigonga risasi huacha kovu lake kwenye kitako cha ganda. Ukibadilisha mtutu au pini kwa ajili ya urembo, silaha iliyo mkononi mwako si ile iliyoandikwa Naguru, na hapo utakuwa na kazi ya kujieleza. Kwa hiyo chuma sikigusi zaidi ya kukisafisha na kukipaka mafuta. Mchezo wangu wote uko kwenye mbao, vishikio na mkanda. Halafu uko kwenye kabati la kuvihifadhia, ambalo kwa maoni yangu ndilo nusu ya mchezo wenyewe.

Fundi nilimpata Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, kwa kuelekezwa na jirani aliyechomelewa geti huko. Simtaji, mtaona kwa nini. Tulielewana hivi: kimo sentimita 150, upana 50, kina 40, chuma cha milimita 3 pande zote, mlango wenye vyuma vitatu vya kuchomoza, kufuli la ufunguo. Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama kazi nikakuta ubavu mmoja umeshasimamishwa. Nikautazama, nikatoa kipimo changu cha kubana. Milimita moja na nusu.

"Ssebo, hii ni geji 16, nzito sana," akaniambia.

Geji, namba ya unene wa chuma, ndipo wanapowanasa watu. Namba inavyopanda ndivyo chuma kinavyozidi kuwa chembamba, na mteja asiyejua akisikia 16 anadhani amepewa kikubwa. Geji 16 unaikata kwa grainda ndogo ya betri kabla chai haijapoa. Nikamwambia nataka tatu tuliyoandikiana. Hakubisha sana, aliubomoa, na shiti mpya ya futi 8 kwa 4 tukaenda kuinunua pamoja. Haikutosha, tukaongeza kipande. Kama mnaagiza kitu hiki, nendeni na kipimo na mfike kabla ya rangi. Rangi ikishapakwa, unene utaupima wapi?

Baada ya hapo, sina budi kusema kweli, jamaa anajua kazi. Mishono ya kuchomelea ni myembamba na imefuatana kama magamba ya samaki ngege. Bawaba aliziweka ndani, mwizi hana cha kukata kwa nje. Upande wa bawaba aliongeza ulimi wa chuma unaoingia kwenye fremu mlango ukifungwa, kitu ambacho sikumwomba. Mlango wenyewe unaufunga kwa kidole kimoja. Uzito wote nakisia unazidi kilo 80. Vijana wanne waliibeba kutoka barabarani, wakapumzika mara mbili, na mmoja akaniuliza kama nimenunua benki.

Kufuli nililichagua la ufunguo wenye meno pande mbili. Fundi alinisukuma nichukue la kubonyeza namba, la Kichina, lenye taa ya kijani. Nilikataa, na sijajuta. Betri ikifa siku ya mvua kubwa utaita nani? Kasoro ya ufunguo ni kwamba sasa sefu yote ina nguvu sawa na mahali unapoufichia. Droo ya kitandani, juu ya kabati, ndani ya birika la zamani, watoto wanajua sehemu zote hizo kabla yako. Mimi ufunguo ninatembea nao, na mke wangu ana wa pili mahali ambapo hata mimi sipajui, kwa makubaliano. Risasi ziko ndani ya kisanduku cha pembeni chenye kufuli lake.

Kuifunga ukutani ndiko nilikopoteza Jumamosi nzima. Ukuta wangu ni wa matofali ya kuchoma, na bolti za kutanuka, hata za milimita 12, zinayapasua tu. Ukikaza, tofali linamwagika unga. Mwishowe tuliitoboa sefu chini na kuishika kwenye zege ya sakafu kwa bolti nne. Hapo ilitulia. Ningejua mapema ningemwambia fundi atoboe kwa mashine yake, kuliko mimi kupigana na drili ya kuazima nikiwa nimelalia tumbo.

Sasa kisa chenyewe, kilichonifanya nimpunguzie fundi alama.

Ndani nilitaka pawe laini ili mbao zisichubuke. Akasema hilo mwachie yeye, atatandika kapeti. Nilipoletewa ilikuwa imetandikwa kweli, nyekundu kama ya bungeni, na ulipofungua mlango ilikupiga harufu ya siki. Kali, kama mtu amemwaga kachumbari humo. Nikaulizia, nikaambiwa ni silikoni aliyogandishia kapeti, itakauka. Niliacha mlango wazi siku mbili, harufu ikapungua, nikaingiza silaha, nikafunga. Kisha nikasafiri kwenda Kigumba kwa mazishi, nikakaa karibu wiki tatu.

Niliporudi nikafungua. BRNO ya baba, kuanzia kwenye shabaha ya mbele kushuka kama kiganja kimoja, ilikuwa na madoadoa ya rangi ya chungwa. Madogo, mengi, kama ugoro uliopulizwa. Nilipitisha kidole, kikatoka na vumbi la kahawia. Bunduki hiyo imekaa miaka mingi kwenye nyumba ya udongo, nyuma ya mlango, imefungwa kwenye gunia lenye mafuta ya mashine ya cherehani, na haikuwahi kupata doa. Nikaweka mkono ndani ya sefu: joto, jasho, na siki.

Aliyenifafanulia ni mpwa wangu anayesomea kemia. Silikoni ya kawaida ya madirishani na mabafuni, ile yenye harufu hiyo, inapokauka hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Nje hewa inaipeperusha. Ndani ya sanduku lililofungwa, na lililopakwa silikoni kila kona, mvuke unakosa pa kwenda, unatua kwenye chuma. Ongeza unyevu wa ziwa na kapeti inayonyonya maji kama sifongo, umejijengea kiwanda cha kutu kwa pesa yako mwenyewe. Iko silikoni ya aina nyingine isiyotoa harufu hiyo, lakini nani ataisoma lebo kwa niaba yako?

Nilimpigia fundi. Hakukataa, wala hakuomba radhi; alisema makabati ya nguo huwa anafanya hivyohivyo na hakuna aliyelalamika. Shati halishiki kutu, mzee. Hata hivyo alimtuma kijana wake, na huyo kijana nampa alama zake zote. Alibandua kapeti, akakwangua silikoni kwa patasi mpaka chuma kikaonekana, akafuta kwa spiriti, hakuomba hata nauli. Silaha nilikuwa nimeomba zihifadhiwe kwenye ghala la kituo cha polisi cha karibu, na sefu nikaiacha wazi mwezi mzima. Nilikuwa nikiingiza kichwa ndani kila asubuhi na kunusa. Mke wangu akasema nimekuwa kama paka.

Madoa ya BRNO niliyatoa kwa mafuta mepesi na nyuzi laini kabisa za chuma, zile zinazouzwa kwa maseremala, nikisugua bila haraka. Msasa usithubutu, utaondoka na rangi nyeusi-bluu ya mtutu pamoja na kutu yake. Yalitoka, lakini ukiinamisha mtutu kwenye mwanga wa dirisha unaona vijishimo kama ndui iliyopona. Hivyo havitatoka tena.

Ndani sasa hakuna gundi ya aina yoyote. Mitutu inaegemea kwenye ubao mkavu wa musizi niliouchonga mabonde, nikaufunika kwa shuka ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, nikaishika kwa misumari midogo ya shaba. Chini nimeweka kopo la chembe za kukausha unyevu, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikishiba nazirudisha kwenye oveni kwa moto mdogo, zinaanza upya. Nilifikiria kile kijiti cha umeme cha kupasha joto sefu, nikaacha. Umeme ukikatika usiku kucha unabaki na kijiti tu. Kipima unyevu kidogo cha betri kiko mlangoni. Nje, hapa Entebbe, kinasoma zaidi ya asilimia 75 asubuhi nyingi. Ndani nakitaka kati ya 45 na 50, na kinakaa hapo.

Nilijaribu kushuka zaidi, nikaumia upande mwingine. CZ yangu niliivisha vishikio vya pembe ya ng'ombe wa Ankole. Kwa wasioiona, ni nyeupe ya maziwa inayoingia kwenye kijivu na nyeusi kama moshi, na hakuna mbili zinazofanana. Bastola sikumpelekea mchonga pembe, msije mkafanya ujinga huo. Nilivua vishikio vya asili, kila upande una skrubu moja tu, nikampelekea vile kama kielelezo. Alivipatia mpaka tundu la skrubu. Basi kipima kiliposhuka hadi 35 kishikio cha kushoto kikaanza kujikunja ukingoni, ukucha ukawa unapita chini yake. Pembe ni jamaa ya ukucha, inataka maji kidogo. Nilipoongeza unyevu ikalala tena, si kama zamani lakini inatosha. Ndiyo maana nasema 45 na si kama jangwani.

Kitako cha BRNO nacho nilikisafisha mwaka huo huo kwa mafuta ya kitani, matone machache kwenye kiganja, unasugua mpaka kiganja kinawaka, unaacha siku mbili, unarudia. Mara kumi na mbili nilirudia. Mkwaruzo mrefu wa upande wa kulia nimeuacha, ni wa waya wa shamba letu. Na vitambaa vya mafuta hayo msivikunje na kuvitupa kwenye pipa, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandazeni juani mpaka vikauke.

Kwa hiyo sefu kama sefu, chuma, mlango na kufuli, naipa nne na nusu kati ya tano. Nusu imeondoka na ile geji 16. Kazi ya ndani naipa sifuri, na kama ningeweza ningeshuka chini ya hapo. Ningerudi kwake? Nimesharudi. Rafu ya juu ya vitabu vya leseni na mdeki wa kusafishia nimemwagiza yule kijana, si bosi wake, nami nilisimama pale akichomelea, nikiwa na kipimo mfukoni. Leo asubuhi kipima unyevu kilisoma 48, na mtutu wa baba una vijishimo vilevile, bila kipya.